Majina ya Vijana wa Kocha Ferdinand

Kocha Ferdinand alikuwa na vijana ishirini na wawili, na kila mmoja jina lake liliandikwa nyuma ya helmeti, juu kidogo ya shingo, kwenye kipande cha tepu nyeupe ya kitambaa. Timu nyingine nazo hufanya hivyo msimu unapoanza, wiki mbili tatu hivi, mpaka kocha azoee sura za wageni, halafu tepu zinabanduliwa. Kwa Ferdinand zilikaa kuanzia Oktoba mpaka Machi. Ikichakaa moja, aliandika nyingine kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba huo ndio utaratibu wa kwao kaskazini, na kwa vile pale chuoni hapakuwa na mwingine wa kutoka huko kwao, hakuna aliyembishia.

Chumba cha vijana hao kilisafishwa na Vumilia. Uwanja wa barafu ulikuwa nje kidogo ya mji wa College Park, karibu na Washington, jengo refu la bati ambalo ndani yake baridi haiishi hata mwezi wa saba, na timu ya chuo ilipewa saa za alfajiri kwa sababu hizo ndizo hazigombewi. Method, mume wa Vumilia, alikuwa anasambaza mikate kwa gari. Alimshusha mkewe mlangoni saa kumi na moja kasoro pamoja na mtoto wao Leokadia, wa mwaka mmoja na nusu, kisha akaendelea na mzunguko wake. Mtoto wa umri huo saa kumi na moja alfajiri utampeleka kwa nani? Kwa hiyo Leokadia alikuja kazini na kigari chake, amefungwa mablanketi mpaka zinabaki pua na macho.

Kazi hiyo Vumilia aliipata kwa Jelagat, mke wa kocha. Jelagat alikuwa muuguzi, Mkenya wa upande wa Kapsabet, na walijuana kanisani kwenye ile misa ya Kiswahili ya mara moja kwa mwezi. Vumilia, mtu wa Sumbawanga, alimwita dada tangu siku ya kwanza, na mume wa dada akawa shemeji. Ferdinand alilipenda neno hilo. Kwa muda mrefu alidhani ni cheo.

“Shemeji, umeamkaje?”

“Nimeamka mzima, mama Leo. Mlete bosi wangu huku kwenye joto.”

Kiswahili chake kilikuwa cha mezani, na Kiingereza cha Vumilia kilikuwa cha kuokoteza. Walivichanganya hivyo hivyo wakaelewana. Bosi wake ni Leokadia, na kwenye joto ni chumba cha kunolea viatu, ambacho ndicho pekee kilikuwa na hita inayofanya kazi. Mchezo wenyewe ni wa magongo, ila unachezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye kisu chini ya soli, na wanachogombea si mpira bali kisahani cheusi, kigumu, ukubwa wa kitumbua. Visu hivyo vinataka kunolewa kila mara. Makocha wengine huwaachia vijana wapeleke dukani, lakini Ferdinand alinoa jozi zote ishirini na mbili yeye mwenyewe, kabla hawajafika. Cheche ziliruka, Leokadia akazitazama bila kupepesa. Akimaliza kisu, Ferdinand alikipitisha kwenye ukucha wa dole gumba. Kikikwangua unga mweupe kidogo, kimeiva. Ukucha ule ulikuwa umejaa mistari kama ubao wa kukatia vitunguu.

“Huyu,” alisema siku moja ameinua kiatu, “anaogopa kugeukia kulia. Tazama, upande huu haujalika. Na huyu hapa anakimbia kwa vidole kama mwizi.”

Vumilia akacheka. “Ni nani huyo mwizi?”

Ferdinand akakigeuzageuza kile kiatu, kisha akakiweka chini. “Ni mmoja wao,” alisema.

Wakati huo Vumilia hakulitilia maanani.

Maisha yake alimhadithia palepale, kipande leo, kipande wiki ijayo, huku Vumilia akikunja mataulo yaliyotoka kwenye mashine. Alizaliwa mwaka hamsini na tano katika mji wa migodi kaskazini mwa Ontario, huko Kanada, mtoto wa sita wa mchimbaji aliyesema Kifaransa nyumbani na Kiingereza shimoni. Nyuma ya kanisa lao kulikuwa na ziwa, na kuanzia Novemba ziwa lile liliganda likawa kama sakafu. Padri wao aliwafungulia watoto kanisa alfajiri ili wavae viatu vyao vya visu ndani, karibu na jiko la kuni, wamekaa kwenye mabenchi ya waumini. Wakitoka walikanyaga sakafu ya mbao kwa visu hivyo hivyo. Kila Pasaka padri aliwasema kutoka altareni kwa kuharibu sakafu ya Mungu, na kila Novemba aliwafungulia tena.

Akiwa na miaka kumi na sita aliondoka nyumbani kwenda kukaa na familia asiyoijua, katika mji wenye timu. Alipofika ishirini alikuwa analipwa. Ila hakuwa hodari wa kufunga, na alilisema hilo bila haya. Kazi yake ilikuwa kupigana.

“Kupigana na nani?” Vumilia aliuliza.

“Na yeyote anayemgusa yule hodari wetu. Kila timu ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Tunavua glavu, tunazitupa chini, tunashikana. Waamuzi wanatutazama mpaka mmoja aanguke, halafu wanatufungia kwenye kibanda dakika tano.”

“Wanawatazama tu?”

“Ndivyo ilivyo.”

“Na mlikuwa mmekosana nini?”

“Hatukukosana. Wengine nimekula nao chakula usiku uleule.”

Vumilia alikunja mataulo mawili. Alikuwa anafikiria mtu kumpiga mwenzake ambaye hana kinyongo naye, na kesho tena, na keshokutwa tena, kama mtu anayeamka kwenda shambani.

“Mama yako alikuwa anajua?”

“Mama alikuwa anazima redio,” alisema Ferdinand.

Miaka kumi na moja alifanya hivyo, katika miji sita, kwa mabasi yanayotembea usiku kucha. Katika ligi kubwa kabisa, ile ambayo kila mtoto wa kwao huiota, alicheza mechi kumi na nne, na zote kumi na nne angeweza kukusimulia moja moja, nani alikuwa golini, barafu ilikuwa laini au ngumu. Timu yake ya mwisho ilikuwa ndogo, upande wa Baltimore. Huko ndiko alikoangushwa akaamka hospitalini. Muuguzi mwanafunzi alikuwa anamwuliza kila baada ya saa moja jina lake nani na leo ni siku gani.

“Jina nililijua. Siku sikuijua. Nikamwambia Jumapili, kwa sababu yeye alikuwa amependeza.”

Muuguzi huyo alikuwa Jelagat. Walioana mwaka uliofuata, wakapanga nyumba Greenbelt, na baada ya kazi moja mbili za kubahatisha, chuo kikamwita afundishe timu. Aliipenda kazi ile kuliko zile mechi kumi na nne. Vijana wake aliwakataza kupigana. Anayevua glavu alikaa nje mechi tatu, hata awe nani. Mbele yake alikuwa na miaka mingi, umri wake arobaini na mbili tu, na Vumilia hakuwahi kumsikia akitaja kazi nyingine yoyote ambayo angependa kuifanya.

Basi, mtu anayesafisha huona mengi, kwa sababu watu humsahau kama wanavyosahau ukuta. Msimu ule wa tisini na saba kwenda tisini na nane Vumilia alianza kuona. Aliona Ferdinand akikutana na vijana kwenye korido, hawana helmeti, akawaita wote “bwana mkubwa”. Aliona funguo za gari ndani ya friji ya maji, siku mbili tofauti. Aliona kwamba kijana akimkaribia ana kwa ana, Ferdinand hupita pembeni kidogo kama anayetaka kumshika bega, akatupa jicho nyuma ya helmeti, ndipo akaita jina. Alilifanya vizuri, kwa upole, hata ukadhani ni mapenzi. Na mapenzi yalikuwepo. Lakini Vumilia alikuwa na mtoto anayejifunza kusema, alijua sura ya mtu anayetafuta neno.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Jelagat alifanya kazi zamu za usiku, na nyumbani alikuwa mtu wa kulala mchana. Tena, ukamwambie dada yako kwamba mumewe anasahau, halafu iwe ni uchovu tu?

Jumatano moja ya Februari, mazoezini, kijana anayeitwa Colby aligongana na mwenzake kichwa kwa kichwa. Aliinuka, akacheka, akatapika. Daktari wa chuo akasema ubongo umetikisika, asicheze wiki mbili. Colby alimwomba kocha jambo moja. Jumamosi watakuja wazee waliosoma hapo zamani, na baba yake akiwa mmoja wao, kwa hiyo aruhusiwe angalau kukaa kwenye benchi na nguo zake zote za mchezo, asionekane kama mgonjwa. Ferdinand alikubali, maana aliijua aibu ya kukaa na suti wakati wenzako wamevaa jezi. Alichukua helmeti ya Colby, na chini ya jina akachora mstari mwekundu. Vumilia alikuwa anapiga deki mlangoni. Aliuona ule mstari ukichorwa, lakini hakujua maana yake, na hakuuliza.

Ijumaa mkuu wa michezo wa chuo alipita. Alitazama chumba, akavuta hewa kwa pua kama watu wote wanavyofanya wakiingia humo, kisha akamwambia Vumilia kwamba kesho kuna wageni, kila kitu king’ae. Kila kitu, alisema, akapiga helmeti moja kwa kidole. Tepu yake ilikuwa imekuwa ya kijivu, imekunjika pembeni na kushika nywele.

Nyumbani kwa Vumilia hapakutupwa chupa hata moja. Ya siagi ya karanga iliwekwa chumvi, ya kachumbari ikawekwa maharage, na karatasi inayong’ang’ania kwenye kioo aliitoa kama mama yake alivyomfundisha, kwa kupaka mafuta ya kupikia, kusubiri kidogo, kisha kusugua na unga. Alikuwa na kichupa cha mafuta kwenye mkoba kwa ajili ya ngozi ya Leokadia. Akakaa chini humo chumbani, akabandua tepu zote ishirini na mbili, akapaka, akasugua, akasuuza, akafuta. Gundi haikubaki hata alama. Kesho kocha ataandika mpya, alijiambia, safi, za kupendeza kwa wageni. Aliporudi nyumbani alimwambia Method kwamba helmeti zile zilikuwa zinang’aa kama sufuria za harusi, na Method akamwambia siku moja atasugua mpaka rangi ya nyumba.

Jumamosi mechi ilianza saa nane mchana, na Ferdinand aliingia chumbani vijana wakiwa wameshavaa. Vumilia alikuwa mlangoni na chupa za maji. Alimwona kocha akisimama. Alitazama vichwa vile ishirini na viwili, vyeusi, vinang’aa, vyote sawa. Akageuka akatazama ukuta, akatazama tena vichwa. Msaidizi wake, ambaye kwa kawaida hakosi, alikuwa amekwenda kwenye harusi ya dada yake Pittsburgh.

“Nani ametoa?” aliuliza taratibu.

“Mimi, shemeji. Waliniambia kuna wageni. Nilijua utaandika mengine.”

Kijana mmoja akacheka. “Kocha, mwaka wa tatu huu, si unatujua?”

“Nawajua,” alisema Ferdinand. “Haya, twendeni.”

Hapo Vumilia alijua amefanya kitu kibaya, ila hakujua ukubwa wake.

Katika mchezo huo wachezaji hawamalizi hata dakika moja uwanjani. Wanaingia watatu watatu mbele, wanatoka wanahema, wengine wanaruka ukuta mfupi wa mbao kuingia, na kocha akiwa nyuma ya benchi ndiye anayeita nani aende. Siku zote Vumilia alimsikia Ferdinand akiita majina bila kupumua. Siku hiyo hakuita. Aligusa mabega tu. Jezi zilikuwa na namba, lakini namba kwake zilikuwa kama namba za simu za watu asiowajua. Mara mbili alituma mtu mmoja zaidi, mwamuzi akapuliza, wazee waliokaa juu wakanung’unika. Kipindi cha pili alikuwa analowa jasho katika baridi ile.

Kipindi cha tatu aligusa bega la Colby.

Vumilia alikuwa hatua nne kutoka hapo. Alimwona kijana akigeuza kichwa na kumtazama kocha usoni, kama anayeuliza kama ni kweli. Ferdinand akagusa tena. Colby akatazama juu alikokaa baba yake, akaruka ukuta. Hakukaa hata nusu dakika. Mtu wa timu pinzani, ya Virginia, alimsukuma kwenye ukuta, tena si kwa nguvu, ni mchezo wa kawaida, na Colby akashuka chini polepole kama nguo inayoteleza kwenye kamba. Hakuinuka. Walimtoa kwa machela.

Colby alizinduka kwenye gari la wagonjwa. Jumapili jioni habari zilikuja kwamba anaongea, anakula, ila mwanga unamuumiza na atakaa hospitalini siku tatu au zaidi. Vumilia alimsikia Method akisema basi, ashukuriwe Mungu, yamepita. Kwa Vumilia hayakupita. Alikuwa ameukumbuka mstari mwekundu. Aliukumbuka jinsi ulivyotoka na tepu yake, ukashikamana na kidole chake, akaukung’uta kwenye pipa.

Jumatatu mazoezi yalifutwa, lakini alikwenda. Ferdinand alikuwemo kwenye chumba cha kunolea, mashine imezimwa, mikono magotini. Vumilia alimweka Leokadia karibu na hita.

“Shemeji, ule mstari mwekundu niliutoa mimi.”

“Najua.”

“Ningejua maana yake nisingeutoa.”

“Sikukuambia. Ungejuaje?”

Vumilia alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amelala na maneno haya siku mbili, na hakuna namna nzuri ya kuyasema.

“Shemeji, majina yao huyajui.”

Leokadia alikuwa anavuta kamba ya kiatu, na Ferdinand akamwachia avute.

“Viatu vyao navijua,” alisema mwishowe. “Kila kimoja. Naweza kukuambia nani anadanganya goti linamuuma. Ila uso ukija bila kofia, ni kama redio ambayo stesheni imeondoka. Najua kuna mtu anaongea.”

“Tangu lini?”

“Nilikuwa nadhani tangu mwaka juzi. Sasa sijui kama ninakumbuka vizuri.” Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. “Ningesema, wangenitoa. Nikitoka hapa nina kazi gani, mama Leo? Mimi nilipigana miaka kumi na moja ili nifike kwenye benchi hili.”

Mkuu wa michezo alifika saa mbili, na folda mkononi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye barua ya kuandika. Alisimama mlangoni kwa sababu chumba kilikuwa kidogo, akauliza maswali matatu manne, na Ferdinand akajibu kwamba ndiyo, daktari alimwambia, na ndiyo, alikuwa ameweka alama kwenye helmeti.

“Na alama hiyo iliondolewa Ijumaa na mfanyakazi wa usafi,” alisema mkuu. Hakumtazama Vumilia, ingawa alikuwa palepale. “Kwa hiyo utaratibu ulikuwepo, ukavurugwa. Hilo linaeleweka. Tutaongea na kampuni ya usafi walete mtu mwingine, nawe utaandika sentensi mbili. Baba wa kijana anataka kusikia tu kwamba ilikuwa ajali.”

Vumilia alielewa maneno machache, lakini aliielewa sauti yote. Aliangalia mikono ya Ferdinand. Mkono mmoja ulikuwa umeshika dole gumba la mwingine, unalisugua. Ilikuwa rahisi sana. Ferdinand alihitaji kuitikia kwa kichwa tu. Msimu ungekwisha Machi, na ikifika Oktoba angetafuta njia nyingine, akaandika majina kwenye magongo, kwenye magoti, popote. Hata Vumilia mwenyewe, kwa kitambo kidogo, alitamani amwitikie, maana yeye angepata kwingine kwa kupiga deki, na huyu hana kwingine.

“Huyu mama alisafisha helmeti kwa sababu wewe ulimwambia asafishe,” alisema Ferdinand.

“Sisemi kwamba—”

“Subiri, nitasahau. Kocha anayehitaji kusoma ili ajue kijana gani ameumia kichwa, huyo si kocha. Yule mtoto aligeuka akanitazama. Aliniuliza kwa macho. Nikamtazama usoni, nikaona sura tu. Andika hivyo.”

Mkuu alifungua folda, akaifunga. “Ferdi, unajua ukisema hivyo siwezi kukurudisha kwenye benchi.”

“Najua.”

“Hata kesho.”

“Hata leo jioni. Msaidizi wangu amerudi kutoka harusini. Anawajua wote, na mabibi zao. Na huyu abaki kwenye kazi yake. Liandike na hilo.”

Mkuu alipoondoka, Leokadia alikuwa amesinzia. Vumilia hakutafuta neno la kumfariji Ferdinand. Alichukua viatu vilivyokuwa sakafuni akavipanga rafuni, jozi kwa jozi, akimwuliza kwa kidole hiki kinakaa wapi, naye akimwonyesha.

“Sasa Jelagat,” alisema Ferdinand.

“Hajui?”

“Anawauguza watu wenye vichwa kama changu usiku kucha. Ningemwambia saa ngapi?” Aliinuka, akatafuta funguo mifukoni, akazikuta. “Mama Leo, twende wote. Nikisahau katikati, wewe umalizie.”

Vumilia alimtazama aone kama ni utani. Nusu yake ilikuwa utani.

Waliendesha mpaka Greenbelt bila kuwasha redio. Jelagat alikuwa ameamka, ana kanga kiunoni na sweta ya hospitali, anachemsha chai. Alipowaona watatu mlangoni saa nne asubuhi, alizima jiko kwanza.

“Mnaniogopesha. Colby amekufa?”

“Hapana, dada. Colby ni mzima.”

“Basi nani?”

Ferdinand alikaa mezani na koti lake. Alianza vizuri. Alisema juu ya Jumamosi, juu ya bega, juu ya mkuu na folda, akasema kazi imekwisha. Alisema kwa Kiingereza, haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Alipofika kwenye sababu, alisimama. Hakuwa amesahau. Vumilia aliona kwamba hakuwa amesahau hata kidogo. Hata hivyo alimgeukia Vumilia.

“Sema wewe,” alimwambia kwa Kiswahili.

Jelagat alimtazama rafiki yake. “Ati useme nini? Vumilia, mmenificha nini hapa?”

“Dada, usinikasirikie mimi.”

“Nitakasirika baadaye. Sema.”

Vumilia alimpakata Leokadia vizuri, akasema. Alianza na funguo kwenye friji. Akasema ya korido, “bwana mkubwa”, ya kupita pembeni ili asome. Alisema aliyoyaona tu, hakuongeza, na alipokuwa hana hakika alisema hana hakika. Jelagat alisikiliza mwanzo kama mke, mkono mdomoni. Kisha akavuta karatasi na kalamu, akaandika tarehe juu, akawa anaandika kama anavyoandika kazini, mstari kwa mstari. Mara mbili alimkatiza kuuliza ilikuwa mwezi gani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mkono wa mumewe, na haukuondoka.

“Kuna lingine?”

“Mimi nimeishia hapo, dada.”

Jelagat alitaka kufunika kalamu. Ferdinand akamzuia.

“La Desemba yeye halijui,” alisema. “Ile asubuhi nilikuja kukuchukua kazini, ukasimama nje kwa muda wa saa tatu.”

“Uliniambia ni theluji. Ati barabara zilikuwa mbaya.”

“Haikuwa theluji. Niliingia ile barabara kubwa inayozunguka mji. Nikajua nakuja kukuchukua, ila sikukumbuka hospitali gani. Nikaona nikiendelea kuendesha nitakumbuka. Nilizunguka Washington mara tatu, Jelagat. Nilipita Oxon Hill mara tatu, daraja lilelile. Mara ya tatu nikaliona lile bango lenye picha ya wauguzi, ndipo ikanijia.”

Siku ile Jelagat alimnunia mumewe mpaka jioni, na Vumilia alikumbuka dada huyo akimsimulia kanisani kwa kicheko kwamba Mzungu wake anaogopa theluji, na ni mtu wa kaskazini.

“Mara tatu,” alisema Jelagat.

“Tatu. Ninaikumbuka kila moja.”

Jelagat aliigeuza karatasi upande wa pili, akainama, akaandika.